Risasi Ndani ya Barafu

Sisi tuliokuwa watoto Dar es Salaam miaka ya 1990 tulikuwa na ugonjwa mmoja: kupenda harufu ya petroli. Gari likisimama kituo cha mafuta tunashusha kioo, tunavuta pumzi kama watu waliofunuliwa sufuria la pilau. Ukikemewa, unakemewa kwa kuchezea kioo. Hakuna aliyetuambia kwamba ndani ya petroli ile mlikuwa na risasi, na kwamba ilikuwa ikitoka kwenye bomba la moshi la kila daladala lililotupita tukienda shule.

Hapo kwenye neno risasi inabidi tusimame kidogo. Tumelichukua kutoka Kiarabu, na kwetu linabeba vitu viwili: ile metali laini, nzito, ya kijivu, inayowekwa kwenye betri za magari na kwenye mishipi ya wavuvi ili izame, halafu kile kinachotoka kwenye mdomo wa bunduki. Kwa hiyo nikiandika kwamba watu walikufa kwa risasi, wewe unaona bunduki. Mimi hapa naongelea ile nyingine, isiyo na mlio, na namna ilivyokutwa mahali pasipo na gari wala barabara: ndani ya barafu ya Greenland. Na kuna neno la pili nitakalolifuata njia nzima, kwa sababu ndilo lililotumika kuificha. Neno hilo ni kawaida.

Desemba 1921 Thomas Midgley, mhandisi wa General Motors, aligundua kwamba ukitia kiasi kidogo tu cha mchanganyiko wenye risasi kwenye petroli, injini inaacha kugonga. Februari 1923 petroli hiyo ikaanza kuuzwa Dayton, Ohio. Mwaka uliofuata General Motors na Standard Oil ya New Jersey waliunda kampuni ya kuuza mchanganyiko huo, wakaiita Ethyl. Litazame vizuri jina hilo. Risasi haimo. Na si kwamba hawakujua kuwa ni sumu, maana ubaya wake ulijulikana tangu enzi za Warumi. Oktoba 1924 wafanyakazi wa kiwanda cha Bayway, New Jersey, walianza kuweweseka na kuona vitu visivyokuwepo, wengine ikabidi wafungwe mikono kama vichaa. Watano wakafa. Biashara ikasimama kwa muda, serikali ikaitisha mkutano Mei 1925, kamati ikakaa, na mwaka 1926 mambo yakaendelea kama yalivyokuwa.

Mtu aliyeibeba hoja ya kampuni kwa miaka karibu arobaini alikuwa daktari, Robert Kehoe wa Chuo Kikuu cha Cincinnati. Maabara yake iliendeshwa kwa fedha za haohao waliokuwa wakiuza risasi. Lakini nisimfanye zimwi; ukimsoma, hoja yake imetulia na inaingia akilini. Alisema risasi imo kwenye udongo, kwa hiyo imo kwenye chakula, kwa hiyo imo mwilini mwa kila binadamu. Mwili umeizoea. Unaingiza, unatoa, na ilimradi haijapita kiwango fulani kwenye damu, hakuna madhara. Ili kuthibitisha hilo alikwenda mpaka kijiji cha wakulima huko Mexico, mbali na magari, akapima mikojo ya watu. Risasi ikaonekana. Basi, imekwisha: kumbe hata wasio na magari wanayo, kumbe ni kawaida.

Kasoro ni kwamba wanakijiji wale walikuwa wakilia chakula kwenye vyombo vya udongo vilivyopakwa rangi ya kung'aa yenye risasi.

Waswahili wanasema kawaida ni kama sheria. Kwa Kehoe ilikuwa kama sheria kweli. Alikuwa akiwapima watu ambao wote wamekwisha kula sumu, wengine nyingi, wengine kidogo, halafu akitazama wastani wao na kuuita hali ya asili. Na kwa kuwa ni maabara yake ndiyo iliyokuwa na vipimo vingi kuliko mtu yeyote, kila aliyetaka kumpinga aliambiwa alete takwimu zake. Angezitoa wapi? Angempata wapi binadamu ambaye hajaguswa?

Jibu lilitoka kwa mtu ambaye hakuwa akilitafuta. Clair Patterson, mwana wa Iowa, alizaliwa mwaka 1922, akasomea kemia, na wakati wa vita alifanya kazi Oak Ridge kwenye mradi wa bomu la atomu. Baada ya vita, pale Chuo Kikuu cha Chicago, mwalimu wake Harrison Brown alimpa kazi ya kupima risasi ndani ya vimondo ili ajue dunia ina umri gani. Urani huoza polepole sana na mwisho hugeuka risasi; ukijua kasi ya kuoza na ukapima aina za risasi zilizopo, unaweza kuhesabu miaka. Kimondo alichokitegemea mwishoni kilikuwa cha chuma, ndugu wa mbali wa kile cha kwetu Mbozi. Jibu alilolichapisha mwaka 1956, miaka bilioni 4.55, linatumika mpaka leo.

Lakini ilimchukua miaka mingi kulifikia, na sababu yake ndiyo inayonileta kwenye barafu. Kila alipopima alipata risasi nyingi kupita kiasi. Ilikuwa inaingia kutoka hewani, kwenye vumbi la sakafu, kwenye maji ya bomba, kwenye tindikali za maabara, kwenye nywele zake mwenyewe. Alipohamia Caltech, California, alijenga maabara ambayo mtu anaingia amevaa mavazi maalumu, hewa inachujwa, sakafu inasuguliwa tena na tena. Wenzake walimwona kama mtu mwenye wazimu wa usafi. Kumbe wazimu ule ulikuwa ugunduzi wenyewe. Risasi iliyokuwa ikimsumbua haikuwa ya kimondo. Ilikuwa ya mjini.

Alianza kuifuata. Mwaka 1963 yeye na mwenzake Tatsumoto walionyesha kwamba maji ya juu ya bahari yana risasi nyingi kuliko maji ya kilindini, jambo lisiloeleweka isipokuwa kama risasi ile imeanza kunyesha kutoka hewani hivi karibuni tu. Haukupita muda akapata wageni kutoka kwa watu wa petroli, wakimshawishi aelekeze utafiti wake kwingine kwa fedha zao. Akakataa. Ufadhili aliokuwa akipata kutoka chama cha makampuni ya mafuta ukakatika, na mkataba wake na idara ya afya ya serikali haukuongezwa. Sisi waandishi wa habari tunaujua mchezo huu: hakuna anayekutisha, tangazo tu linaondolewa.

Mwaka 1965 alichapisha kwenye jarida la afya makala iliyolishika neno kawaida kooni. Alisema tunachanganya vitu viwili. Kuna kiasi cha risasi ambacho watu wengi wanacho, na kuna kiasi ambacho binadamu angekuwa nacho kama asingechimba wala kuyeyusha risasi. Cha kwanza ni mazoea. Cha pili ndicho asili. Kwa hesabu zake, Mmarekani wa wakati ule alikuwa na risasi mwilini kama mara mia moja ya ile ya asili. Kehoe alipelekewa makala hiyo kabla haijatoka ili atoe maoni, naye akashauri ichapishwe, akiamini kwamba ikitoka hadharani itabomolewa yenyewe.

Lakini hesabu ni hesabu. Ilihitajika shahidi, na shahidi alikuwa Greenland.

Katikati ya kisiwa kile theluji huanguka na haiyeyuki. Ya mwaka huu inaikalia ya mwaka jana, ya mwaka jana inaikalia ya juzi, uzito unaongezeka, na theluji inashindiliwa mpaka inakuwa barafu. Kila tabaka linabaki na kilichokuwa hewani mwaka ule: vumbi, chumvi ya bahari, majivu ya volkano, mapovu ya hewa yenyewe. Ukishuka chini unarudi nyuma. Hakuna mhariri aliyepita kufuta mstari.

Na mwaka 1959 jeshi la Marekani lilikuwa limeanza kujenga pale, kaskazini magharibi, kambi iliyofukiwa ndani ya barafu. Iliitwa Camp Century. Ilikuwa na mahandaki yaliyofunikwa, vyumba vya kulala, jiko, na mtambo mdogo wa nyuklia wa kutoa umeme. Ulimwengu uliambiwa ni kituo cha sayansi. Uchunguzi wa Denmark uliotoka mwaka 1997 ulifichua mpango mwingine uliokuwa nyuma yake, Iceworm, wa kuficha makombora ya nyuklia kwenye maelfu ya kilomita za mahandaki chini ya barafu. Barafu yenyewe ndiyo iliyoukataa: haitulii, inatambaa, inabana kuta. Mwaka 1967 kambi ikaachwa. Lakini katika miaka ile michache sayansi iliyokuwa pazia ilifanyika kweli, na kwa maoni yangu ndiyo iliyoishi kuliko jeshi.

Patterson, pamoja na Murozumi wa Japani na Chow, alichukua theluji na barafu kutoka huko, halafu na Antaktika. Fikiria ugumu wake. Kilo moja ya barafu ile ya zamani ina risasi isiyofika sehemu moja kwa trilioni; ukiishika kwa glavu chafu, ukiikata kwa msumeno wa kawaida, moshi wa jenereta ukipita karibu, umeshaandika uongo. Walivaa mavazi ya plastiki, wakatumia vyombo vilivyooshwa kwa tindikali, wakakata mabonge makubwa na kuyayeyusha kwa uangalifu wa mtu anayebeba mtoto mchanga.

Matokeo yalitoka mwaka 1969. Kutoka mwaka 800 kabla ya Kristo hadi 1965, risasi kwenye theluji ya Greenland ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara 200. Ilianza kupanda polepole na viwanda vya karne ya 18, na baada ya mwaka 1940 mstari ukainuka kama ukuta. Antaktika, mbali na magari ya kaskazini, ilikuwa na risasi kidogo mno. Hapa hapakuwa na vyombo vya udongo vya kusingizia, wala udongo wenyewe. Theluji haina mazoea.

Kabla hata ya namba hizo kutoka, Juni 1966, Seneta Edmund Muskie aliwaita wote wawili, Kehoe na Patterson, mbele ya kamati yake. Kehoe alirudia aliyoyasema kwa miaka yote. Wiki moja baadaye Patterson akaja na kuilaumu idara ya afya kwa kuukumbatia utafiti wa wenye mali. Usidhani kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Mwaka 1971, jopo la kitaifa la wataalamu lilipoandika ripoti kuhusu risasi hewani, mtu aliyejua habari hiyo kuliko wote hakuwekwa humo. Alipokuja kuwekwa kwenye jopo jingine miaka michache baadaye, hakukubaliana na wenzake na akaandika maoni yake peke yake, kurasa 78.

Kuna mtu mmoja wa upande wetu wa fasihi aliyemsikiliza. Saul Bellow, miaka sita baada ya kupata Nobel, alitoa riwaya The Dean's December, na ndani yake yumo mwanasayansi anayeitwa Beech, aliyeshikwa na jambo moja tu: kwamba risasi inawaharibu watu akili na hakuna anayeona. Beech huyo amechorwa kutokana na Patterson. Kinachonigusa ni anachokitaka. Anamfuata Corde, mkuu wa kitivo aliyewahi kuwa mwandishi wa habari, amsaidie kuandika kwa lugha ambayo watu watasikia. Takwimu anazo. Anachokosa ni maneno. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani Beech ni mfano tu wa kifasihi, alama ya mji unaooza. Sikujua kwamba mtu huyo yupo na kwamba barafu yake ipo.

Ushindi ulikuja kidogo kidogo, tangu miaka ya 1970. Magari mapya ya Marekani yalianza kuhitaji petroli isiyo na risasi, kiwango kikashushwa hatua kwa hatua. Wastani wa risasi kwenye damu ya Wamarekani ulishuka kwa zaidi ya robo tatu kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1990. Ile iliyoitwa asili ya mwili wa binadamu iliondoka pampu zilipobadilishwa. Na mwaka 1991 Claude Boutron na wenzake walirudi kwenye theluji ya Greenland wakakuta risasi imepungua mara saba na nusu katika miaka ishirini. Patterson alifariki tarehe 5 Desemba 1995. Marufuku kamili ya petroli ya risasi kwa magari ya barabarani Marekani ilianza tarehe 1 Januari 1996.

Kabla hajafa, jina lake lilikuwa kwenye utafiti mmoja zaidi, wa mwaka 1994, uliokuta kwenye barafu ileile moshi wa Wagiriki na Warumi, waliokuwa wakiyeyusha risasi ili wapate fedha ya kupiga sarafu. Siku hizi vipimo vimekuwa vya mwaka kwa mwaka, na mstari wa risasi unapanda amani inapokuwepo na kushuka vita na tauni zinapoipiga Roma. Antaktika nako, watafiti wameonyesha kwamba risasi ya viwanda ilifika mwaka 1889, na alama zake za kikemia zinaelekea kwenye machimbo ya Broken Hill, Australia. Amundsen alifika Ncha ya Kusini Desemba 1911 na kusimika bendera, Scott akafika wiki chache baadaye akakuta ametanguliwa. Wote wawili walitanguliwa na risasi, kwa miaka zaidi ya ishirini.

Na sisi? Nchi za Afrika Kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwezi Juni 2001 kuiondoa, na kufikia Januari 2006 zote zilikuwa zimeacha. Kampeni ya dunia nzima iliendeshwa kutoka Nairobi, kwenye makao makuu ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, Julai 2021. Piga hesabu mwenyewe: Marekani imeshajua, imeshapima, imeshaacha, na hapa sisi tulikuwa bado tumeshusha vioo kituoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, kwenye ubongo unaokua. Kizazi changu hakikupimwa. Kwa hiyo kawaida yetu hatutaijua kamwe.

Nimerudi kwenye neno lile, na sitaliacha, kwa sababu leo nalisikia tena kwenye mjadala mwingine. Hali ya hewa imekuwa ikibadilika siku zote, wanasema, ni kawaida. Hoja imetulia, inaingia akilini, kama ya Kehoe. Na shahidi ni yuleyule.

Mtu wa kwanza kumhoji shahidi kuhusu joto alikuwa Mdenmark, Willi Dansgaard. Juni 1952 mvua kubwa ilinyesha Copenhagen, naye akaweka faneli kwenye mdomo wa chupa ya bia bustanini kwake akaikinga. Alitaka kujua kama oksijeni nzito kwenye maji ya mvua inabadilika kadiri baridi inavyobadilika. Inabadilika. Basi theluji ya zamani ni kipimajoto cha zamani. Mwaka 1966, pale pale Camp Century, Wamarekani walifikia mwisho wa kutoboa barafu mpaka chini kabisa: mita 1,387, zikitolewa kipande kwa kipande kama miche ya sabuni. Dansgaard aliomba kuipima, na mwaka 1969 historia ya joto ya miaka 100,000 ikachapishwa. Ilionyesha kwamba ndiyo, hali ya hewa imebadilika, na wakati mwingine kwa ghafla ya kutisha. Wanaosema hivyo hawasemi uongo. Wanaacha tu nusu ya pili. Barafu ndefu zaidi, iliyotobolewa baadaye huko Dome C, Antaktika, ina mapovu ya hewa ya miaka 800,000, na katika muda wote huo hewa ya ukaa haikuzidi sehemu 300 kwa milioni. Sasa imepita 420. Tunaweza kuizoea.

Camp Century bado iko kule, imefunikwa na theluji ya zaidi ya nusu karne. Walipoondoka walichukua mtambo wa nyuklia wakaacha vingine vyote, wakiamini kwamba theluji itaendelea kuanguka milele. Utafiti wa mwaka 2016 ulikadiria lita 200,000 za dizeli, maji machafu, kemikali za sumu na kiasi kidogo cha taka za mionzi. Waandishi wake walisema kufikia mwisho wa karne hii kuyeyuka kunaweza kuanza kuushinda unyeshaji wa theluji pale. Vipimo vya baadaye vimekuwa na matumaini zaidi, kwamba kabla ya mwaka 2100 maji hayatafika zilipo.

Chini ya barafu yote, mwaka ule wa 1966, keekee ilitoa pia mita tatu na nusu za udongo ulioganda. Udongo ukahamishwa kutoka jokofu hadi jokofu, ukasahaulika, na mwaka 2017 ukaonekana tena Copenhagen, kwenye mitungi ya kioo ya kuwekea biskuti. Walipouosha wakakuta vijiti na majani. Kwa vipimo vya mwaka 2023 udongo ule uliwekwa na maji yaliyokuwa yakitiririka kama miaka 416,000 iliyopita, wakati hewa ya ukaa ilikuwa chini sana ya leo, na mahali ilipokuja kujengwa kambi hapakuwa na barafu.